Chai Nyeupe ya Binti Assani

"Samaki haina dimanche ya kupumzika, Papa Ramazani. Ikishatoka ku maji, inangoja moto ao inangoja inzi. Weye uchague."

Hivyo ndivyo Mama Gertrude alivyomjibu jirani yake, mikono kiunoni, moshi ukimzunguka kama padri wa Pasaka. Ng'ambo ya ua wa matete Ramazani alikuwa amesimama na koti lake la kazi, akikohoa. Mara ya kwanza alikuwa ameomba kwa adabu, mara ya pili kwa adabu kidogo, na sasa sauti ilikuwa imempanda. Sauti hiyo ndiyo iliyowatoa watu nje. Ramazani alikuwa mtu wa kusalimia kwa upole mpaka unamwomba arudie. Ramazani kupiga kelele ilikuwa habari, na Ma Berthe wa nyumba ya mkabala alitoka na mchi wa kutwangia majani ya sombe mkononi, asije akapitwa na neno.

Alichotaka Ramazani kilikuwa kidogo. Pipa la Gertrude la kukaushia samaki lizimwe leo na kesho, basi, kwa sababu upepo ulikuwa unaupeleka moshi wote kwenye baraza yake, na kwenye baraza yake alikuwa ametandaza majani juu ya nyungo, yakauke. Gertrude aliuliza kama amesikia vizuri. Majani? Kaka yake Symphorien ameteremka asubuhi ile kutoka ziwa la Tshangalele na lori, vikapu vya samaki vimejaa mpaka maji yanadondoka njia nzima, na yeye avimwage shimoni kwa ajili ya majani? Watoto wake watatafuna majani?

"Kama ni majani tu, uchume ingine," alisema. "Miti yako haijahama."

Watu wakacheka. Ramazani alifungua mdomo kama mtu mwenye neno, akageuka kulitazama dirisha la nyumba yake lililofungwa pazia, akalimeza lile neno.

"Haiko majani tu," alisema, akaingia ndani.

Ma Berthe alikuwa na maelezo tayari kabla mlango haujafungwa. Huyo mzee, alisema, anatengeneza dawa ya kupandishwa cheo kiwandani. Mwingine akasema ni dawa ya kumpatia mapacha mke wa pili, msichana anayefichwa Kambove. Siku nyingine Gertrude angeongeza chumvi yake. Maana lupango lake, ule uwanja wa nyumba yake, ndilo lililokuwa redio ya mtaa: viti havikukaa vitupu, sufuria haikukaa tupu, na habari iliyozaliwa asubuhi ilikuwa inatembea kwake kabla ya jua la utosi. Hata jina lake lilikuwa mali ya mtaa. Serikali ilikuwa imekwisha kuyakataza majina ya kizungu, kwenye karatasi aliitwa jina la bibi yake, lakini mtaa wote uliendelea kusema Gertrude, na hata mkubwa wa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, alipomwita kwa jina la karatasi, hakugeuka.

Lakini siku hiyo maneno hayakumnogea. Lile neno lililomezwa lilimkaa yeye kooni. Akamwachia Berthe kijiti cha kugeuzia samaki, akapita uchochoro wa nyuma, aende kumshitaki Ramazani kwa mkewe, mwanamke kwa mwanamke. Ndipo alipokumbuka kwamba hakuwa amemwona Binti Assani tangu mvua hazijaanza. Kila alipouliza, mume alijibu malaria, naye akaridhika. Nani hapa Likasi hana malaria?

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Binti Assani alikuwa amelazwa karibu na dirisha, na Gertrude alisimama kizingitini akidhani ameingia kwa mgonjwa mwingine. Yule mama mnene, aliyekuwa akitembea na kanga zake mbili kama meli ya bendera, alikuwa amebaki macho na mikono.

"Unanuka samaki, Gertrude," alisema, akacheka kwa sauti iliyokwama njiani. "Kaa. Usisimame sawa askari gendarme."

Gertrude akakaa, mashitaka yote yamemtoka. Binti Assani alimweleza taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. Kitu kilikuwa kimeota kooni tangu kiangazi. Daktari alikuwa amemwita Ramazani pembeni na kumwambia amrudishe mama nyumbani. Bukari, yaani ugali, haipiti, uji haupiti, maji ya vuguvugu yanapita, na kesho hakuna anayejua. Hakuwa na hamu ya kitu chochote isipokuwa kimoja: chai yake, ile nyeupe, ya machipukizi ya mvua za kwanza. Anywe hiyo, kisha lolote lije.

Mtaa wote ulikuwa unaijua chai hiyo, na kuicheka. Nyeupe, lakini si ya maziwa. Rangi yake ilikuwa kama maji yaliyolowekwa majani makavu ya paa, na haikutiwa sukari. Binti Assani alikuwa amekulia kwenye milima ya chai huko Kivu. Mama yake alichaguliwa na bibi mzungu wa shamba amtengenezee chai yake mwenyewe, mbali na ya mashine, kwa sababu mikono yake ilikuwa myepesi. Alipoolewa na kufuata mume Likasi, msichana huyo alibeba mbegu za chai kwenye fundo la kanga. Miti iliyoota katika udongo mwekundu wa kampi ya wafanyakazi, kando ya ua, ilikuwa michache na mifupi, ikinyweshwa maji ya kuogea. Kila mwaka ilitoa ya kujaza kopo moja la maziwa ya unga. Gertrude aliwahi kupewa kikombe, akasema asante, akaenda nyumbani kunywa chai ya kweli.

"Papa hajui kuitengeneza," alisema Binti Assani. "Anajua kuikunywa tu. Minye namwambia kutoka hapa. Jana aliniletea majani kidogo ninuse. Ilikuwa inanuka samaki."

Ramazani mwenyewe hakuwa amenusa kitu. Miaka yake yote ilikuwa imepita kwenye kiwanda cha asidi, ule mvuke unaokamata koo ukipita tu barabarani, na pua yake ilikuwa imekufa zamani bila matanga. Ni mke aliyenusa, ni mke aliyemtuma akapige kelele, yeye asiyejua kupiga kelele.

Gertrude alitaka kujua kwa nini hawakusema. Angemwaga maji kwenye pipa siku ile ile.

"Kwa sababu ya weye, njo maana," alijibu Binti Assani, bila ubaya. "Nikikwambia weye, kesho mikeka inajaa hapa inje, bantu banaanza kunililia na minye ningali nasikia. Gertrude, weye unapenda nyumba ijae. Minye nataka nisikie mvua tu. Uniapie."

Akamwapia.

Alirudi kwake akachota maji ya kisima, akamwaga juu ya moto. Moshi uliruka mara moja kama kuku aliyekanyagwa, ukafa. Ma Berthe alishika kichwa. Samaki waliokuwa nusu wabichi aligawa kwa yeyote aliyepita, na wale ambao hakuna aliyewataka walizikwa nyuma ya choo. Pipa limetoboka, alisema. Symphorien aliporudi na vikapu vingine, akamwambia hivyo hivyo, apeleke kwa wengine. Benoît, mumewe, aliyekuwa akifanya kazi kwenye bwawa la Mwadingusha na kuja mwisho wa mwezi tu, alikuta nyumba inanuka sabuni, akauliza kama wamehamia wageni.

Majani ya nyungo yale yalitupwa. Ikabidi kungoja miti itoe machipukizi mengine, na mti wa chai hauharakishwi. Katika kungoja huko, kazi ngumu ya Gertrude haikuwa samaki. Ilikuwa kufunga mdomo. Wenzake walikuja, wakakaa kwenye viti, wakaleta habari zao, zake zikakauka. Mara nyingi alisema "mnajua nini?" kisha akamalizia na bei ya makala ya kupikia. Wakaanza kunong'ona kwamba Benoît amepata mwanamke huko bwawani. Akawaacha wanong'one. Yeye aliyezoea kutawanya mambo ya watu alivumilia yake yakitawanywa ya uongo, na kila alasiri alipita uchochoro wa nyuma, akakaa kando ya kitanda, akimwita mgonjwa "yaya", kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Alimgeuza, akamkanda miguu. Wakati mwingine walisikiliza tu mvua kwenye mabati. Gertrude hakuwa amejua kwamba mvua ina mengi hivyo.

Siku ya kuchuma ilipofika, asubuhi ilikuwa kavu na umande umekwisha. Pazia likafunguliwa, Binti Assani akaegemezwa kwenye mito, na yeye akawa msimamizi wa shamba. Chipukizi liwe bado limefumba, kama mkono wa mtoto aliyelala. Likiwa limekwisha kujifungua jani, liache. Usitumie ukucha, lishike na ulivunje kwa ncha za vidole. Ramazani, mtu wa vyuma, alishika kila kimoja kama yai. Gertrude alitaka kuyaosha, kama sombe inavyooshwa, akakatazwa. Alitaka kuyapondaponda kidogo. Akakatazwa kwa ukali kuliko nguvu za mgonjwa.

"Hapo njo inakuwa chai nyekundu," Binti Assani alisema. "Ukiiumiza, inatoka damu. Hii hatuiumize. Tunaitandaza tu, kila moja peke yake, tunaacha upepo."

Gertrude aliyatazama machipukizi kwenye kiganja chake. Yalikuwa na malaika laini, meupe, kama shavu la mtoto mchanga. Maisha yake yote chakula kilikuwa kitu cha kutwanga, kukwaruza, kuchemsha, kugeuza. Hiki, ukikigusa zaidi, umekiharibu. Akatandaza, akakaa kando na kipepeo cha mkono, akifukuza nzi ambao hawakuwapo.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Machipukizi yalilala kivulini, yakanyauka polepole, yakaanza kuwa mepesi. Kisha mvua ikaja ya upande, ile isiyojua baraza ni nini, ikakaa. Hewa ikawa maji. Nyungo ziliingizwa chumbani, zikatolewa, zikaingizwa tena, na majani hayakukauka. Asubuhi moja Gertrude akaona kingo za baadhi yake zinaanza kuwa nyekundu.

Ramazani alikuwa kazini. Binti Assani alikuwa amelala, na siku hizo usingizi wake ulikuwa mrefu na wa mbali, mtu unaogopa kuugusa. Gertrude alisimama na ungo mikononi. Alikumbuka kwamba yaya alikuwa amesema mwishoni majani huonyeshwa moto kidogo, makala yaliyofunikwa majivu, joto la mkono tu. Mbabula ya jikoni, lile jiko la makala, ilikuwa ndogo, ungo ungeungua ukingoni. Lakini kwake, chini ya bati lisilovuja, lilikuwapo pipa lake lenye waya mpana sawasawa na ungo.

Hakuwa mjinga. Moshi wa samaki ndio uliowagombanisha, alijua. Ndiyo maana alilisugua lile pipa kwa mchanga na majivu mpaka chuma kikang'aa, akausugua na ule waya wa juu, akasuuza kwa maji ya mvua, akasuuza tena. Akaingiza kichwa chote ndani akanusa. Hakuna kitu. Akatandika juu ya waya kitambaa chake cheupe cha komunyo, akaweka makala machache chini ya majivu, akatandaza machipukizi. Akakaa hapo siku nzima, mkono juu yake, kupima joto kama mtu anayepima homa ya mtoto, akimwomba Bikira Maria na, kwa kuwa chai ilikuwa ya Binti Assani, akimwomba pia Mungu kwa namna ya akina Ramazani.

Ilitoka nzuri. Nyepesi, kavu, ya fedha, kila chipukizi zima na malaika yake. Lilivunjika kwa sauti ndogo. Ramazani aliporudi alibaki akiitazama tu. Alimwambia anuse yeye kwa wote wawili, maana pua yake mwenyewe iliwekwa kwa kupamba uso. Gertrude akanusa kwa nguvu.

"Iko safi," alisema. "Haina kitu."

Maji hayakuachwa yachemke kabisa, kama walivyoagizwa. Ramazani alimwinua mkewe, akamshika mgongo, na Gertrude akamsogezea kikombe. Binti Assani hakunywa mara moja. Alikaa na mvuke usoni, macho yamefumba, muda mrefu, na Gertrude alifikiri anamsalimia mama yake. Kisha akafumbua macho, akamtazama Gertrude. Akamtazama vidole vilivyochubuka kwa mchanga, akamtazama usoni. Akanywa. Kidogo, akapumzika, kidogo tena, mpaka kikombe kikaonyesha chini.

"Iko namna ile ya kwa mama?" Gertrude aliuliza.

"Iko," alisema Binti Assani. "Aksanti, Gertrude."

Hakuomba kingine. Hakufika mwisho wa juma. Alikwenda asubuhi, mvua ikinyesha, na Gertrude ndiye aliyepiga ule ukelele aliokuwa ameubana tumboni tangu siku ya ugomvi. Mtaa ukakimbia. Mikeka ikatandikwa, lupango likajaa mpaka barabarani, wanaume wakaenda makaburini, wanawake wakabaki na kilio. Ma Berthe alilia kwa kweli, akirudia kwamba hakujua, hakuna aliyejua. Gertrude alikuwa kila mahali, akigawa maji, akipanga mabenchi. Nyumba imejaa, nayo haikumpa chochote.

Siku ya kumaliza matanga, baada ya dua, Ramazani alilitoa lile kopo. Ilikuwa imebaki kidogo. Alisema watu waonje kitu alichokipenda marehemu. Gertrude aliitengeneza mwenyewe, na ulimi wake uliokuwa umefungwa ukafunguka: akawaeleza wanawake namna ya kuchuma, namna ya kutoiumiza, upepo, majivu, joto la mkono. Walisikiliza kwa heshima. Vikombe vikapita.

Ma Berthe alinusa chake, akanusa tena.

"Gertrude," alisema polepole, "sufuria hii ulipikia samaki?"

Hakusema kwa ubaya. Rosalie, mke wa dereva, aliyekaa karibu naye, alisogeza kikombe puani akasema naye pia aliona hivyo, ila aliona aibu kusema. Gertrude akajibu kwamba sufuria ni ya Ramazani, haijawahi kuona samaki. Akainua kikombe chake akanusa. Hakuna kitu. Akanusa kopo. Hakuna kitu. Akanusa upindo wa kitenge chake, akanusa kiganja chake, kile kiganja ambacho watu humwambia kila siku kinanuka Tshangalele nzima. Hakuna kitu. Na hapo ndipo alipoelewa kwamba samaki walikuwa wamekaa katika pua yake kwa miaka mingi kiasi kwamba pua haikuwa inawahesabu tena. Siku ile alikuwa ameingiza kichwa kwenye pipa akaliuliza, na pua iliyomjibu ilikuwa kipofu.

Aliweka kikombe chini. Akapita uchochoro wa nyuma, akaenda kukaa kwake, juu ya jiwe karibu na pipa.

Hapo ndipo Ramazani alipomkuta. Berthe alikuwa amemwambia. Akageuza beseni, akalikalia, wakatazama wote wawili lile pipa lililong'aa.

"Ulisikia harufu?" aliuliza.

"Hapana. Naapa ku Bikira Maria. Niliikausha ku pipa hii, Papa Ramazani, lakini niliisugua. Nilinusa."

"Minye pia sikusikia." Akajigusa pua. "Tuko pua mbili, na hakuna hata moja."

Gertrude alisema kwamba alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpa, na amekiharibu. Kwamba mama yule alingoja miti itoe tena, akakaza roho kwa ajili ya kikombe, na kikombe kikaja na samaki. Ramazani alikuwa akitazama mikono yake.

"Ile siku ya chai," alisema, "ulipotoka, aliniuliza kama umewasha moto yako tena. Nikasema hapana, pipa ya Gertrude iko baridi tangu ile siku ya kelele. Nikafikiri anaota. Akacheka kidogo. Akasema, umwambie awashe. Samaki yake isioze kwa sababu ya minye."

Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akakomea hapo hapo. Gertrude naye alikuwa ameinua kichwa.

"Njo alijua," alisema.

"Alijua."

"Na alikunywa yote."

"Yote," alisema Ramazani.

Gertrude alilia basi, kilio kisicho cha matanga, bila maneno, bila kupangilia, uso ndani ya kitenge chake. Ramazani hakumwambia anyamaze. Alingoja, akijipangusa na mkono wa koti. Ng'ambo ya ua sahani ziligongana, mtu aliuliza bukari ya wazee iko wapi, mwingine akaita Mama Gertrude yuko wapi, mbona hatumsikii.

Ramazani akasimama, akalirudisha beseni mahali pake.

"Kiti yako iko wazi kule, hakuna muntu anasubutu kuikalia," alisema. "Bukari inapoa. Kuya, Gertrude. Ingia kwetu, tule."